Moto Umezimwa, Salfa Ingali Mtaroni

Mkazi wa Hasamba, Mlowo au Mpemba, hapa Songwe, hahitaji kuambiwa bei ya shaba duniani ikoje. Anatazama barabara tu. Foleni ya maroli ikirefuka kuelekea Tunduma, migodi ya Zambia na Kongo inakula vizuri. Na chakula cha migodi hiyo hupita mbele ya milango yetu: petroli, kostiki soda, malighafi za baruti za kupasulia miamba, na salfa kwa wingi, ile ya njano, iliyofungwa katika magunia makubwa ya tani moja au kumwagwa wazi ndani ya tela na kufunikwa turubai. Ikifika huko huchomwa viwandani kutengeneza tindikali ya salfa, na tindikali hiyo ndiyo inayong'oa shaba na kobalti kwenye mawe.

Barabara hii ya TANZAM haikujengwa kwa uzito huo. Ina miteremko kama ule wa Senjele, ina ukungu asubuhi, ina madereva waliokesha foleni. Breki zinashika moto, tairi inawaka, moto unapanda kwenye tela. Kuhusu dakika za mwanzo za ajali ya namna hiyo Watanzania tumefundishwa, tena kwa gharama kubwa. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya mia moja wakafa. Sange ya Kivu Kusini, Kongo, ilitangulia, Julai 2010, na huko walizikwa zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo kuhusu petroli sina la kuongeza: ukiliona lori la mafuta limelala, geuka nyuma, piga 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi, ukae mbali.

Makala haya ni ya siku ya pili. Zimamoto wameondoka, bredauni imevuta kichwa, trafiki wamefungua njia moja, na pembeni mwa barabara limebaki tuta la njano lililochanganyika na majivu ya tairi. Mwenye mali hajafika. Mvua inanyemelea. Hapo ndipo watu wetu huumia kimyakimya, kwa sababu kila mmoja anaamini hatari imekwenda na moto.

Anza na jambo moja kuhusu salfa ambalo watu wengi hawalijui. Moto wake ni wa bluu, na kwenye jua la mchana hauonekani. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi, joto likizidi ikawa uji mwekundu-kahawia, kisha juu hufanya ganda gumu huku chini ikiendelea kufuka. Mtu akikanyaga ganda hilo mguu unazama ndani ya uji wa moto unaong'ang'ania ngozi. Kwa hiyo tuta la salfa lililozimwa jana jioni halichukuliwi kuwa limezimwa mpaka limekaguliwa usiku, gizani, mwali wa bluu unapoweza kuonekana. Mlinzi wa usiku mwenye macho mazuri, aliyesimama upande unakotoka upepo, anafaa kuliko watu kumi wenye makoleo mchana.

Moshi wake nao una tabia zake. Ni dioksidi ya salfa, gesi inayochoma macho na kubana kifua, na ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko hewa. Haipandi ikapotea. Hushuka bondeni, hujaza mashimo, hulala juu ya vijito. Jioni za Mbozi zenye baridi, hewa ikiwa imetulia, inaweza kukaa kwenye nyumba za chini hali wa juu hawasikii kitu. Mwenye pumu aondolewe mapema, na watoto vilevile, wapelekwe upande wa juu unakotoka upepo. Barakoa za kitambaa zilizobaki tangu wakati wa korona hazizuii gesi hata kidogo. Kitambaa chenye maji puani kinaweza kukusaidia kupita ukitoka, hakikuruhusu kurudi.

Sasa maji. Zimamoto hawana budi kutumia maji, na kwa salfa hutakiwa kuyarusha kama manyunyu, maana mkondo wa maji wenye nguvu hutimua vumbi la salfa, na vumbi hilo likikutana na cheche hulipuka. Lakini kila lita iliyomwagwa lazima iende mahali. Inachukua gesi na kugeuka tindikali nyepesi, inachukua vumbi la njano, inachukua dizeli ya tenki lililopasuka na masizi ya tairi, inaingia mtaroni, inapita kalavati, na kutoka hapo inashuka kwenye shamba la mtu, bustani ya mboga, kisima, kisha kijito. Mito mingi ya Mbozi huishia Bonde la Ziwa Rukwa, lakini kabla ya kufika huko imenywesha ng'ombe na kumwagilia nyanya za watu wengi.

Kuzuia maji hayo ndiyo kazi pekee ninayoiona halali kwa mwananchi asiye na mafunzo. Nenda mita mia kadhaa chini ya ajali, mahali moshi haufiki, ukazibe mdomo wa kalavati au mtaro kwa viroba vilivyojazwa udongo. Chimba kishimo cha kukusanyia maji kabla ya kizibo. Vijana watano wenye majembe wanaweza kuimaliza kazi hiyo kabla gari la pili la zimamoto halijafika, na faida yake ni kubwa kuliko chochote watakachofanya pale kwenye tela. Wakati huohuo mwenyekiti wa kijiji atume bodaboda kwa wanaotumia maji upande wa chini. Mwaka 1998, Mei 20, huko Kyrgyzstan, lori la mgodi wa dhahabu lilitumbukia mto Barskoon na kumwaga karibu kilo 1,800 za sainaidi ya sodiamu. Wanakijiji wa chini walitumia maji hayo kwa saa kadhaa kabla ya kupewa habari. Bodaboda mmoja angewatosha.

Nimetaja sainaidi kwa sababu: si kila roli linaloungua ni la salfa, na huwezi kusafisha usichokijua. Angalia kibao cha rangi ya chungwa ubavuni au nyuma ya tela, ukiwa mbali, hata kwa kukuza picha ya simu. Tarakimu nne za chini ndizo jina la mzigo. 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1350 salfa, 1830 tindikali ya salfa, 1689 sainaidi ya sodiamu, 1942 nitrati ya amonia. Ukikuta herufi X mbele ya namba ya juu, maana yake maji hayatakiwi kabisa. Vibao vikiwa vimeungua au havikuwekwa, mtafute dereva au utingo. Mara nyingi amekaa pembeni na hofu, anaogopa polisi na anamwogopa tajiri wake. Mpe maji, muulize kwa upole, "Mdogo wangu, ulipakia nini, na karatasi ziko wapi?" Karatasi ya usalama wa kemikali inaweza kuwa imeungua pamoja na kichwa, lakini wakala wa forodha Dar es Salaam au Tunduma anayo nakala, na leo nakala hiyo husafiri kwa simu ndani ya dakika moja. Namba na jina la mzigo ndivyo vitu vya kwanza kuwaambia zimamoto na watu wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambao wana ofisi ya kanda Mbeya.

Tofauti za mizigo hiyo si za kitaaluma tu. Salfa unaweza kuikaribia baada ya kupoa. Nitrati ya amonia ikiwa ndani ya moto huikaribii kabisa: Septemba 2014, pale Angellala Creek jimbo la Queensland, Australia, lori lenye tani zipatazo 52 liliwaka, likalipuka na kuvunja daraja. Miongozo ya waokoaji inataka watu waondolewe mita 1,600 kila upande kwa mzigo wa namna hiyo. Hiyo ni kutoka barabarani hadi ng'ambo ya pili ya mji mdogo. Tindikali nayo ina mambo yake. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, Kongo, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, gari la tindikali liligongana na magari mengine, na watu wasiopungua 18 wakafa. Tindikali kali ya salfa ukiimwagia ndoo ya maji inachemka na kukurukia usoni. Na sainaidi ikikutana na tindikali yoyote hutoa gesi inayoua kwa pumzi chache. Ndiyo maana, kwa kufunika kemikali usiyoijua, nasisitiza mchanga mkavu peke yake. Maranda na pumba za mpunga ni nzuri kwa dizeli, lakini ukizitupa juu ya nitrati ya amonia au tindikali kali umeandaa moto mpya.

Aliyerukiwa na kemikali avuliwe nguo, asione haya, amwagiwe maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Kama ni unga mkavu, upangusie mbali kwanza ndipo umwage maji. Maziwa, mafuta ya kula, dawa ya meno, vyote hivyo viache nyumbani.

Turudi kwenye tuta letu la njano, kwa sababu hapo ndipo vibarua wanapoingia. Siku ya pili au ya tatu hufika mtu na gari dogo, anajitambulisha kuwa ametumwa na mwenye mzigo au kampuni ya bima, anataka vijana ishirini wa kuzoa salfa kwa ujira wa siku. Makoleo mnakuja nayo wenyewe. Nitasema wazi: kijana, ujira huo haufai ikiwa hupewi miwani ya kufunga macho, gamboti, glavu za mpira, na kinyago chenye chujio. Vumbi la salfa likiingia kwenye jicho lenye jasho huwasha. Likikaa kwapani na shingoni siku nzima hutoa vipele. Usizoe tuta linalofuka. Usifagie kavukavu, nyunyizia maji kidogo, vumbi litulie. Usigongeshe chuma na chuma, na asiwepo mvuta sigara wala wa kuchomelea karibu. Usile pale pale, na nguo za kazi usizipeleke nyumbani zikafuliwe na za watoto.

Na mwenyekiti, kabla hajamruhusu mtu huyo kuanza, amuulize maswali mawili. Salfa hii unaipeleka wapi? Nani kakuruhusu? Kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, wanaosafirisha na kuhifadhi kemikali hizi hutakiwa kusajiliwa na Mkemia Mkuu. Anayezoa mabaki usiku na kwenda kuyamwaga kwenye korongo la kijiji kingine hajasafisha, amehamisha. Nimeona watendaji wakimshukuru mtu wa namna hiyo kwa barua yenye mhuri.

Usafi wa kweli una sura yake. Salfa safi huzolewa kwanza, peke yake, maana bado ni mali na mwenyewe ataitaka. Kisha huzolewa ile iliyochanganyika na udongo na majivu, iwekwe kwenye magunia yasiyopitisha maji, ifunikwe isinyeshewe. Baada ya hapo udongo wa chini hukatwa, sentimita kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi mtaroni, mpaka rangi ya njano na harufu ya dizeli viishe. Maji yaliyokusanywa kwenye kile kishimo hunyonywa na gari la maji taka lililoruhusiwa. Ndipo, mwishoni kabisa, huja chokaa.

Hapa kwenye chokaa ndipo udanganyifu huwa mwingi, basi tupige hesabu. Salfa iliyobaki ardhini haikai kama ilivyo. Bakteria wa udongo huigeuza polepole kuwa tindikali ya salfa, hasa mvua za Novemba zikianza na ardhi ikiwa na joto. Ili kuituliza tindikali itokanayo na kilo moja ya salfa unahitaji kilo tatu na kidogo za chokaa ya kilimo. Kwa hiyo tani tano za salfa zilizoachwa mtaroni zinadai zaidi ya tani kumi na tano za chokaa, iliyochanganywa vizuri na udongo. Mtu akija na mifuko kumi ya chokaa, akainyunyiza juu ikawa nyeupe na kupigwa picha, amepaka poda. Chokaa ni ya kumalizia kile ambacho koleo na kijiko havikuweza kuondoa. Nayo haitoki mbali: miamba ya chokaa ya Songwe ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji huko, na wachomaji wadogo wako pembeni mwa barabara. Ila ile iliyochomwa ni kali, inaunguza ngozi na macho. Kwa shamba omba ya kusaga isiyochomwa.

Wenzetu wa Zambia walipata somo la chokaa kwa kiwango kikubwa zaidi. Februari 18, 2025, bwawa la mabaki ya mgodi huko Chambishi lilipasuka na kumwaga kiasi cha lita milioni 50 za maji yenye tindikali, yakashuka mto Mwambashi hadi Kafue. Serikali ilimwaga chokaa mtoni kwa boti na kwa ndege, na mji wa Kitwe ukakosa maji ya bomba. Chokaa ilipunguza ukali wa tindikali. Samaki waliokwisha kufa haikuwafufua, na metali zilizotulia kwenye tope la chini zilibaki kuwa kazi nyingine.

Kwa visima vyetu mambo ni madogo zaidi lakini yanaumiza vilevile. Kuchemsha maji hakuondoi kemikali. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki palepale. Vidonge vya klorini navyo ni vya vijidudu. Kisima kilicho chini ya ajali kifungwe kamba, kichukuliwe sampuli, na ichukuliwe nyingine kwenye kisima cha upande wa juu ambako mzigo haukufika. Bila hiyo ya pili, mtu wa bima atakuambia maji yenu yalikuwa mabaya tangu zamani. Andika tarehe, saa, mahali, na aliyeshuhudia. Piga picha chupa ikiwa kisimani. Ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ziko Mbeya, na maabara ya Mkemia Mkuu huko huko. Matokeo yaje kwa maandishi. Maneno ya "tumepima, yako salama" yaliyosemwa barabarani, dirisha la gari likiwa nusu wazi, hayana faida mkienda kudai fidia. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inambebesha mchafuzi gharama za kusafisha, na bima ya gari huwa na sehemu ya madhara kwa watu wengine. Lakini bima hulipa karatasi, haimlipi aliyelalamika kwa mdomo.

Kuna hatari nyingine ambayo naiogopa kuliko moshi, kwa sababu huingia nyumbani ikiwa imekunjwa vizuri. Ni magunia. Gunia la tani moja ni imara, lina vishikio vinne, na msimu wa mahindi kila mtu analitaka. Watu huyaokota kwenye ajali, huyakung'uta, huyafua mtoni, kisha hujaza mahindi na maharage. Nyuzi za plastiki hushika unga ambao sabuni haiutoi, na kuyafua mtoni kumepeleka kemikali mahali pale pale tulipokuwa tunapalinda. Salfa kwenye mahindi itakuletea tumbo la kuhara. Gunia la sainaidi litakuletea msiba. Mapipa ni hivyo hivyo. Pipa la bluu lenye kifuniko cha kukaza linapendeza kwa kutunzia maji, na la chuma linapendeza kwa kupikia pombe ya kimpumu. Hakuna kiasi cha kusugua kinacholifanya pipa la kemikali ya mgodini kuwa chombo cha kinywa. Litobolewe, likabidhiwe kwa maandishi. Mama mwenye nyumba akimkuta kijana wake ameingiza mojawapo uani, asione aibu kulitoa nje, hata kama limegharimu fedha.

Wanunuzi wa vyuma chakavu nao watakuja na mtungi wa gesi kukata chasi. Wasikate chochote mpaka tela limeoshwa na kukaguliwa. Vumbi la salfa lililojificha kwenye mikunjo ya chuma, au mvuke uliobaki kwenye tenki "tupu" la dizeli, ndivyo vinavyoua fundi wa kuchomelea wiki mbili baada ya ajali, wakati hakuna tena gazeti linaloandika.

Kwa mwenye shamba lililopitiwa na maji yale: usipande kwa haraka eti mvua imeosha. Mvua ndiyo inayoamsha salfa. Chukua udongo sehemu tano za eneo lililoathirika, uchanganye, uchukue na mwingine wa mbali, upeleke TARI Uyole, Mbeya, upimwe kiwango cha pH. Udongo wa nyanda zetu maeneo mengi tayari una tindikali kiasi, kwa hiyo nafasi ya kuvumilia ni ndogo. Ukishuka chini ya 5, alumini iliyomo ardhini huanza kuyeyuka na kuchoma mizizi ya mahindi. Miti ya kahawa huchelewa kuonyesha, hivyo usiipime kwa macho, na wataalamu wa kahawa wa Mbimba wanaweza kukueleza dalili za majani. Weka chokaa kwa kipimo kilichotoka maabara. Pima tena kabla ya msimu wa pili, maana salfa ya chembe kubwa huendelea kugeuka miezi mingi baada ya ile laini kwisha. Majibu yote mawili yaweke pamoja na ile karatasi ya kisima, na nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kata.